Mnong'onezi

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto,
kitabu cha mchezo mapajani, kijitochi mdomoni,
na mwigizaji akikwama namrushia neno
kama mtu amrushiaye mwenzake kamba kisimani.

Ni ukumbi wa kanisa, Toledo, mashariki ya mto,
viti mia na kumi na viwili, kumi vimevunjika.
Kila Oktoba tunaucheza mchezo uleule:
baba, mama, wana wawili, meza ya jikoni,
barua isiyofunguliwa hadi sehemu ya tatu.
Watu wanaujua kama sala.
Bi Thelma Oakes, safu ya mbele,
hutafuna maneno kabla hayajatoka jukwaani,
na bado, ikifika barua, hutafuta leso.

Meza ile ni yetu.
Mama aliitoa mwaka sabini na moja,
akasema, mtairudisha Jumatatu.
Chini yake, ukiinama, zimo hesabu zangu za kugawanya,
za penseli, na zote ni makosa.

Mwaka ule kaka yangu Emery alikuwa mwana mdogo,
miaka kumi na saba, shingo ya korongo, shati la kuazima.
Baba alikuja. Hatukumtarajia.
Alitoka moja kwa moja zamu ya usiku, kiwanda cha vioo,
akasimama karibu na mlango, koti hajalivua,
kofia mkononi, na mikono yenyewe ina makovu ya moto
ambayo nyumbani hakuna aliyeyaulizia.
Emery akaipiga meza ngumi, meza yetu,
akapaza sauti ambayo mazoezini hakuwa nayo:
"Hujanitazama hata siku moja!"
Nilipogeuka, mlango ulikuwa unajifunga wenyewe,
taratibu, kwa ile bawaba yake ya chemchemi.

Jibu la baba wa mchezo huja baada ya pumzi tatu.
Baba yetu hakulisikia.
Aliishi miaka ishirini zaidi, akala nasi, akaziba mabomba,
akafa.
Wala hatukumsimulia. Ungeanzia wapi?
Rudi, Baba, kulikuwa na mstari wako?

Emery ameupanda mchezo huu kama ngazi za nyumba:
mwana mdogo, kisha mwana mkubwa,
mjomba mlevi kwa msimu mmoja, koo lilipomharibikia,
na mwaka huu, mvi kichwani, goti la chuma,
amefika kwenye kiti cha baba.

Jana tulifungua.
Kijana Tobin Raske, muuza matairi mchana,
akaipiga meza.
"Hujanitazama hata siku moja!"
Pumzi moja. Mbili. Tatu.
Nne.
Nikaumulika mstari, nikanong'ona:
Nilikuwa na haki ya kuchoka.
Kimya.
Nikanong'ona tena, mate yamenikauka.
Emery alikuwa amempa Tobin mgongo.
Alitazama juu ya vichwa vya watu, nyuma kabisa,
na kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo
akauambia mlango:
"Nilikuwa na haki ya kuchoka, mwanangu.
Macho yangu niliyaacha tanurini."

Hayo ya pili hayamo kitabuni. Nimetafuta.

Tobin, mgeni wa kazi hii, akageuka kuona nani kaingia.
Safu ya kwanza ikageuka. Bi Thelma akageuka, leso mkononi.
Ukumbi mzima ukapinda shingo
kumtazama mtu aliyechelewa.
Palikuwa na taa ya kijani ya kutokea
na binti wa tiketi, kashika bakuli la peremende,
asijue ayafanyeje macho yote yale.

Usiku, watu walipokwisha,
Emery hakusema kitu nami sikumuuliza.
Tuliibeba meza, yeye mbele, mimi nyuma,
tukabishana kidogo kwenye kona ya stoo.
Kisha nikafungua ukurasa wa themanini na nne,
nikachonga penseli, nikaandika pembeni:

Hapa usimkumbushe.
Hesabu hadi saba.